Spika ya Kulia Mkono wa Kushoto

Baba mkwe wangu alikaa miezi saba bila kuniambia neno zaidi ya kuitikia salamu, na alipofungua kinywa ilikuwa kunilaumu kwamba spika zangu nimeziweka kinyume. Nilifurahi mno. Hata leo nikiikumbuka lawama ile hucheka peke yangu.

Mimi ni mtu wa Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, na hata huko si wa siku nyingi. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwa waliorudi kutoka Madagaska mwaka sabini na saba, wakaanza maisha upya na mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilioa Mutsamudu, kisiwa kingine. Visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke: wazazi na wajomba humjengea binti yao, na mume huhamia kwake na sanduku la nguo. Mimi nilihamia na masanduku mawili. La pili lilikuwa na mashine ya gemu niliyoachiwa na binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Ufaransa, pamoja na jozi ya spika za kompyuta zilizotupwa na ofisi moja niliyokuwa nikiitengenezea kompyuta zake. Mama mkwe alilitazama sanduku lile kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

Mwaka haukuisha, kisiwa cha mke wangu kikatangaza kujitenga na serikali ya Moroni. Nikajikuta mtu wa Moroni katikati ya vichochoro vya Mutsamudu, katika nyumba isiyo yangu, siku ambazo jina la Moroni lilikuwa linakunjisha watu nyuso. Majirani walinitania. "Balozi," waliniita muuza vitambaa wa mlangoni kwetu na wenzake, "leo umetumwa barua gani?" Nikicheka, wanacheka, mambo yanaisha. Baba mkwe hakutania. Alikuwa upande wa kujitenga kwa moyo wake wote, na kuanzia siku ile akanyamaza. Kila asubuhi nilimwamkia "Kwezi, Baba," kama mdogo anavyompa mkubwa heshima yake, naye akaitikia kwa sababu adabu ilimlazimu. Basi. Akitaka nijue kitu alimwambia mke wangu, "Mwambie mgeni chai iko tayari," nami nimekaa hatua mbili kutoka kwake.

Iliniuma. Babangu mzazi alishafariki, na nilipooa nilijiambia nimepata mwingine. Nilitaka kitu kimoja tu, mzee yule anisemeshe hata kwa hasira.

Alikuwa amefanya kazi bandarini miaka mingi, kwenye winchi. Wenzake walisema aliijua winchi itakayoharibika kwa kusikia mlio wake, siku mbili kabla ya fundi. Lakini sasa alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Hospitali ya Hombo walimwambia anahitaji upasuaji, na daktari wa kumpasua hayupo kisiwani. Naye kuvuka hakuweza, kwa kuwa meli zilikuwa za kubahatisha. Akawa anaona mwanga na vivuli tu. Alichopenda duniani baada ya ibada ni mpira, na mpira ulikuwa umemtoka: uwanjani haoni, na redio ilijaa siasa tangu asubuhi hadi jioni.

Mimi na mke wangu tulikuwa tukicheza gemu ya mpira alasiri, umeme ukiwepo. Mke wangu ni mwalimu, tena ni mchezaji mbaya mwenye bahati nzuri, jambo linaloudhi kuliko yote. Tivii ya nyumbani ilikuwa na sauti ya mbu, ndiyo maana nilitoa sauti moja kwa moja kwenye mashine na kuipeleka kwenye zile spika. Nazo zilivuma. Mchezaji akipiga mpira ulisikia kama mtu amedondosha kijiko.

Siku moja nikamwona baba mkwe amevuta mkeka wake hadi karibu na mlango wa chumba chetu. Ametupa mgongo, tasbihi mkononi, lakini tasbihi haisogei. Mtangazaji wa gemu, anayesema Kifaransa, alipopandisha sauti, mzee alipandisha kidevu.

Nilipagawa. Kesho yake, alfajiri tu, nilikuwa sakafuni nikihangaika na waya. Waya wa sauti ulikuwa umelala pamoja na waya wa umeme, nikautenganisha, mvumo ukapungua. Nilikuwa nimeweka mashine sauti ndogo na spika sauti kubwa. Nikageuza, mashine juu na spika chini, ule msukosuko kama mchele unaopepetwa ukaisha. Chini ya kila spika nikaweka kandambili kuukuu ili meza isitetemeke. Nikaziinua zifike usawa wa sikio la mtu aliyekaa mkekani. Hilo la mkekani sikumwambia mtu. Mwisho nikagundua kwamba ndani ya gemu kwenyewe sauti ilikuwa imewekwa ya mkondo mmoja, pande zote mbili zikisema kitu kilekile. Nikabadilisha iwe stereo.

Alasiri ile tulicheza kama kawaida. Mzee mlangoni, mgongo kwetu. Dakika chache zikapita, akaanza kusonya. Nikamtupia mpira winga wangu wa kulia, akaondoka mbio.

"Wewe!" akasema mzee.

Mke wangu akageuka. "Mimi, Baba?"

"Si wewe, huyu. Mtu wako anakimbilia kulia au kushoto?"

"Kulia, Baba," nikajibu.

"Kwa nini basi namsikia kushoto? Kazi gani hii! Bandarini ungeua watu."

Alisema kweli. Spika yenye kitufe cha sauti ndiyo ya kulia, na ndiyo inayochomekwa kwenye umeme. Soketi ya chumba iko kushoto, kwa hiyo nilikuwa nimeiweka kushoto bila kufikiri. Hata baada ya kuweka stereo, mimi mwenye macho sikutambua, kwa sababu macho yalikuwa yananisaidia. Nikaenda nyuma ya mashine, nikahamisha plagi nyekundu mahali pa nyeupe na nyeupe mahali pa nyekundu.

"Haya," akasema. "Sasa nimekaa jukwaani." Akageuka akatuelekea.

Tangu siku ile nilikuwa na msimamizi. Hii inakwaruza, ile iko mbali, mtangazaji ana mafua. Mke wangu alimtia pedi ya kuchezea mkononi akamfundisha vitufe, hiki cha pasi, hiki cha shuti. Alijaribu kidogo akairudisha, akasema yeye ni mtazamaji. Lakini alilalamika kwamba shuti halina uzito. Nikamweleza kwamba spika ndogo hazina besi, labda zikiwekwa ndani ya kidaka, kile kishubaka cha mawe ukutani, zitapata uzito. Shida ni kwamba vidaka vilikuwa na bakuli za kaure za mama mkwe, za arusi ya bibi yake, na mwanamume hazigusi. Mke wangu akapeleka ombi kwa siku tatu. Mama mkwe akakubali mwenyewe kuzihamisha, moja moja, akizifunga kwenye shiromani, shuka yake ya zamani ya kujifunika, na kila moja alipoishika alinitazama.

Kidaka kilifanya kazi kupita kiasi. Mechi ya kwanza, mke wangu alipofunga, umati wa uwanja mzima ulinguruma ndani ya ukuta ukatokea kichochoroni. Na siku zile umati ukinguruma Mutsamudu, watu hawaulizi. Tukasikia milango ya maduka ikifungwa papapa, mtu akikimbia, mama mmoja akiita wanawe. Muuza vitambaa alipogundua sauti inatoka kwetu, alianza kugonga mlango kwa kiganja, na nyuma yake wanaume kama kumi. Hakuna aliyeniita Balozi. "Mtu wa Moroni anatutisha makusudi!" akasema mmoja.

Nilisimama kwenda kufungua. Mzee akanitangulia akipapasa ukuta.

"Hakuna maandamano," akawaambia. "Ni mpira wa kwenye mashine. Na sauti niliongeza mimi."

"Wewe, mzee? Huyu mgeni wako…"

"Mgeni gani? Ni mkwe wangu, na nimemwambia aongeze. Mna neno?"

Wawili waliingia kutazama, wakaomba kucheza, wakafungwa na mke wangu.

Mwaka uliofuata tukasikia daktari wa macho amekuja Moroni kwa wiki chache, na siku hizo meli ilikuwa inavuka. Nikaenda na mzee, akaniamuru nibebe mashine na spika. Bandarini vijana wenye bunduki walifungua kikapu wakauliza vile vidude viwili ni nini. "Masikio yangu," akasema mzee, wakatupitisha. Tulifikia kwa mama yangu, na sasa mgeni akawa yeye. Mtu wa kujitenga, katikati ya Moroni, akikaa ukingoni mwa kiti na kusema asante kwa kila kitu. Mama alimwita "mgeni wetu", nikaona uso wake unavyokaza. Nikamwambia mama amwite kaka.

Walimpasua jicho moja. Usiku ule, naona haya kusema, sikuomba dua moja bali mbili zinazogongana. Niliomba aone, na niliogopa akiona atakuwa hana haja nami tena.

Bandeji ilipotoka, alimtazama mama akamshukuru, akanitazama mimi akasema nimekonda kuliko sauti yangu. Kisha akataka mpira. Nikawasha. Akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo cha tivii.

"Hawa ndio wachezaji?"

"Ndio, Baba."

"Hawana vidole. Na huyu kichwa kama kibiriti!"

Akarudi mkekani. Nikaona kila kitu changu kinakwisha pale. Kisha akanyoosha mkono akazima tivii. Picha ikapotea, sauti ikabaki, kwa kuwa ilitoka kwenye mashine.

"Nipe pedi," akasema. "Ya pili shika wewe."

"Baba, sasa sioni kitu."

"Najua. Mimi nilikaa hivyo miaka miwili. Cheza."

Akafumba jicho lake jipya. Alinifunga mawili, yote kutoka kulia.