Katibu na bango lake la dakika mbili

Leo Katibu kaja mbio kwenye ofisi yangu ya kuchapisha mabango, bango kalikunja kwapani, jasho linamtoka.

Ni katibu wa madrasa ya mtaani kwetu, hapa Mkoani. Wiki iliyopita aliandika kwenye grupu, watu wote wanasoma: "Salma tusimsumbue tena. Bango la maulidi nalitengeneza mwenyewe kwa simu, dakika mbili tu."

Salma ndiye mimi; mabango yao yote hutengeneza mimi.

Leo asubuhi likatundikwa, juu lina aya kwa Kiarabu. Bi Mize, ambaye hajui herufi nyingine ila za Kiarabu, akasimama mbele yake: "Aya gani hii? Mbona kila herufi imempa mgongo mwenziwe?"

Programu ya simu ilizitenganisha herufi zote, ikazipanga kuanzia kushoto!

"Dada Salma, nisitiri. Wageni wanafika alasiri."

Nikamtengenezea. Mimi si mbaya hivyo.

Kisha nikamgeuzia kompyuta, wateja wamejaa: "Isome kwa sauti, Katibu. Ikiwa sawa, nachapisha."



Katibu wa madrasa, jamani! Kakitazama kioo, katazama viatu vyake.

Nyie mngemwacha?

Mimi nilimpigia Bi Mize aje amsomee.

Kaja na shoga zake watatu.