Mkasi Apika Udongo

Walimwita Mkasi kwa sababu mkasi wa kupogolea haukubanduka mfukoni mwa aproni yake, hata alipokwenda msibani. Kazi yake ilikuwa kuunga miche ya matufaha, kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, na mkono wake ulisifika. Ndiyo maana mama mkwe wake alimsikiliza alipomshauri wang'oe miti iliyopandwa na marehemu baba mkwe miaka arobaini nyuma, ambayo sasa ilizaa kiduchu.

"Haya, ng'oa," mama mkwe alisema, uso kaugeuzia ukutani. "Nimekuamini."

Mkasi akapanda miche mia na ishirini, karibu yote kwenye mashimo yale yale. Mwaka wa kwanza ikadumaa. Wa pili ilikuwa bado inamfika magotini, majani yamepauka. Akamwagilia, akaweka samadi, akanyunyiza dawa, wapi! Cha ajabu, miche saba ya pembeni, pale palipokuwa na banda la zana, ilikuwa imempita kimo.

Mama mkwe hakuweza kufika shambani kwa sababu ya maumivu ya magoti. Kila asubuhi, akiwekewa chai, aliuliza, "Miti yangu inaendeleaje?"

"Inakua, mama," Mkasi alijibu.

Hamu ya kula ikamwisha. Majirani walishaanza kunong'ona kwamba mkono wake umeharibika. Mwishowe aling'oa mche mmoja, akaupeleka kwa bwana shamba. Mizizi ilikuwa mifupi, myeusi, imeoza nchani.

"Ulipanda matufaha palipokuwa na matufaha?" bwana shamba aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi nashuku udongo. Kuna ukungu na minyoo, vidogo mno huwezi kuviona, vimezaliana humo miaka yote vikila mizizi ya matufaha. Mti mkubwa huvumilia, mche mchanga hauwezi. Lakini sitaki kukudanganya, sina hakika. Chota udongo, nusu uupike, nusu uuache. Panda miche ya aina moja kote, usubiri wiki nane."

Mkasi akiwa jikoni anakoroga sufuria kubwa, mama mkwe akaingia akijikongoja.

"Leo tunakula nini, mwanangu?" Akachungulia sufuriani. "Udongo! Una wazimu?"

Mkasi akakosa pa kukimbilia. Akamweleza yote, macho chini.

"Miaka miwili unanidanganya mezani kwangu?"

"Niliogopa, mama."

"Na mimi je? Unadhani nilikuwa nauliza kila siku kwa nini?" Akavuta kigoda, akaketi. "Koroga, usije ukashika chini."

Makopo kumi na mawili, nusu ya udongo uliopikwa, nusu ya ule mbichi, yakapangwa barazani. Wiki nne zikapita, miche yote sawa kama mapacha, na Mkasi akawa hashikiki: mara ayapime, mara ayahamishe juani, mara ayarudishe. "Utaichosha kwa macho," mama mkwe alimgombeza. Wiki ya sita, miche ya udongo uliopikwa ikaanza kuipita mingine. Wiki ya nane kimo chake kilikuwa mara mbili ya mingine.

Mkono wake, basi, haukuwa na kosa. Mkasi akacheka, kisha akageuka kutazama kule shambani.

"Shamba zima tutalipika kwa sufuria gani, mama?"

"Kule nyuma, marehemu alikokuwa akilisha ng'ombe," mama mkwe alisema. "Pale hapajawahi kuwa na kitu ila nyasi."

Mkasi akaunga miche mipya, akaipanda malishoni mvua zilipoanza. Lile shamba la zamani wakaliachia majani. Siku ya kupanda, mama mkwe alisukumwa kwa toroli hadi ukingoni mwa malisho, akashika ubao wa toroli kwa mikono miwili na kutukana kila shimo la njiani.

Mwaka umepita. Miche tisa imekufa. Iliyobaki inamfika Mkasi begani. Watu wamerudi kuagiza miche kwake. Hata hivyo kila Jumatatu hupiga magoti malishoni, akafukua kidogo kwa kidole kwenye shina moja au mawili, kutazama kama mizizi bado ni myeupe.