Siku Niliyopokea Wakwe Nikiwa Nimepigiliwa Msumari

Yaliyonipata siku ya posa ya mjukuu wangu ni aibu, wala sitaki kuyapamba; ila kwa kuwa mitaa yote ya Mkonze imekwisha kuyasimulia, kila mtu akitia chumvi ya jikoni kwake (yuko anayeapa kwamba nililia), nimeona heri nami niyasimulie, maana katika wasimulizi wote hao ni mimi peke yangu niliyekuwa nimepigiliwa msumari. Nyemo, andika kama ninavyosema, wala usicheke, kwani posa yenyewe ilikuwa yako.

Baba yake Nyemo anafanya kazi mbali, kwa hiyo mwenye kupokea wakwe ni mimi, na kwetu jambo hilo lina utaratibu wake: mwenye nyumba husimama, huwaendea wageni, huwapa mkono, ndipo nao huketi. Asiposimama, amekwisha kuwaambia warudi walikotoka. Nami nilikuwa nimejiandaa kuwa mgumu, niwatoe jasho kidogo katika mazungumzo ya mahari, wasije wakadhani kwetu binti hugawiwa kama maboga ya msimu.

Sasa, benchi la barazani lilikuwa limelegea ubao wa kukalia. Mke wangu, ambaye ana tabia mbaya ya kusema kweli mapema, akaniambia, "Mzee, si umwite seremala? Nyundo, misumari michache, kazi imekwisha." Lakini mimi, mwenye elimu yote ya kuchunga ng'ombe, nilikuwa nimeona mafundi wakipigilia dari kwa jirani kwa bunduki ya misumari inayosukumwa na mashine ya upepo, tap, tap, tap, bila hata kuvua kofia, na tangu hapo nyundo nikaiona ushamba. Nikaenda madukani Majengo kununua.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa miwani, mtulivu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Unataka mashine ya kazi gani?"

"Ya nyumbani."

Akanionyesha kimashine kidogo na kibunduki cha misumari myembamba. "Hii inakutosha, mzee. Benchi, kabati, mlango wa banda la kuku. Haina kelele, na umeme wa nyumbani unaimudu."

Nikakitazama kama mtu anavyomtazama ndama aliyekosa maziwa. "Mama, hako nikikawasha katakohoa."

Mimi najua njia moja tu ya kuchagua kitu chenye nguvu, nayo ni ile ya kuchagua dume la ng'ombe; basi nikafunga mikono nyuma, nikazizunguka mashine zake zote, nikazipiga makofi mbavuni, nikainama kukagua miguu, nikaomba kusikia sauti. Pembeni palikuwa na moja nyekundu yenye tumbo la dume la mbegu, na ilipowashwa rafu za duka zikatetemeka. Nikasema, "Huyu."

"Mzee, hiyo ni ya karakana. Na hiyo bunduki uliyoishika ni ya kuungia mbao za paa, misumari yake mirefu kama kidole. Kwa kazi za nyumbani ya nini?"

"Mama, sijamwona mtu aliyelaumiwa kwa kununua dume kubwa."

(Sasa yupo.) Akaendelea kunieleza kwamba mashine ile upepo ukipungua hujiwasha yenyewe, sijui nini na nini, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kutoka nje kutafuta bajaji ya kumbeba dume wangu.

Asubuhi ya posa nikavaa koti langu la heshima. Mke wangu alikuwa amefua mashati yangu yote na yalikuwa kwenye kamba yakidondosha maji, kwa hiyo ndani ya koti nikavaa fulana niliyoikuta sandukuni mwake, nyekundu iliyopauka (Nyemo anasema ni ya waridi, lakini aliyeivaa ni mimi), yenye maandishi kifuani. Kwangu maandishi ni nakshi kama nakshi nyingine, nikafunga vifungo.

Nikawasha mashine. Ikanguruma, mbuzi wakaruka ua, swichi kuu ikaanguka na nyumba nzima ikakosa umeme, pamoja na friji ya soda za wageni. Tukaiinua, ikaanguka, tukaiinua tena, mke wangu akinung'unika maneno niliyoamua kutoyasikia, hadi hatimaye tumbo likajaa upepo na mnyama akanyamaza. Nikakaa juu ya benchi ili kuukandamiza ubao, nikaiweka bunduki kando ya paja, nikavuta kifyatulio. Paa! Msumari ukapita ubao, ukazama hadi boriti ya chini. Nilikuwa bado najipongeza niliposikia, "Hodi hapa!"

Nikanyanyuka. Koti likakataa. Ule msumari ulikuwa umepitia kwanza kwenye pindo la koti langu.

"Karibuni," nikasema, nimekaa.

Wageni wakasimama juani: mshenga, baba wa kijana, na shangazi zake wenye vitenge vipya. Wakanisubiri. Nami nikawatazama kwa ukali mwingi, maana sikuwa na kitu kingine cha kuwapa.

Mke wangu akaninong'oneza, "Simama, wewe!"

"Nimepigiliwa."

"Na nani?"

"Na mwenye akili wa nyumba hii."

Mshenga, mtu wa maneno matamu, akakohoa na kuanza: "Mzee wetu, tumekuja kwa amani, kwa upole na unyenye..." Hapo mashine, ambayo bomba lake lilikuwa likivuja, ikajiwasha yenyewe nyuma ya mgongo wake. Mshenga na unyenyekevu wake akajikuta ndani ya banda la mbuzi. Shangazi mmoja akakumbatia nguzo. Kisha swichi ikaanguka, mtambo ukazimika, na baba wa kijana akajifuta vumbi polepole.

"Mzee," akasema, "kama hatutakiwi, tungeambiwa kwa mdomo. Kutufukuza kwa mtambo hatujazoea."

Akageuka kuelekea njiani. Nikamwona Nyemo mlangoni, sinia la vikombe mkononi, macho yamejaa machozi. Nikajitutumua, benchi likainuka pamoja nami, likanirudisha chini kwa kishindo. Basi ugumu wote niliouandaa nikautemea mate, nikafungua vifungo, nikaliacha koti pale lilipopenda kukaa, nikamkimbilia mkwe na kumshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.

Akanitazama kifuani. Shangazi nao wakanitazama kifuani. Akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama mtu anayesoma hukumu: "Timu... Bi... Harusi."

Ile fulana, kumbe, mke wangu aliishonesha na wenzake kwa ajili ya sherehe ya kumfunda binti wa jirani.

"Jamani!" shangazi aliyekumbatia nguzo akapaza sauti. "Babu amekwisha kuvaa sare! Sisi tunaomba nini tena?" Akapiga kigelegele, mshenga akatoka bandani na majani kichwani, na wakaketi, baadhi yao kwenye benchi lenyewe, juu ya koti langu.

Mazungumzo ya mahari yalikuwa mafupi. Kila nilipokaza sauti kutaka ng'ombe mwingine, mkwe aliinyooshea kidole fulana yangu, akauliza kwa adabu kubwa, "Mzee, kwani wewe uko timu gani?"

Seremala alikuja baadaye, akashindwa kuung'oa ule msumari, akakata kitambaa. Pindo la koti langu liko pale barazani hadi leo, kwenye benchi imara kuliko yote Mkonze. Dume wangu anajaza upepo matairi ya bodaboda, na kila akinguruma watu huniuliza hali ya wakwe.

Nimejifunza kwamba ng'ombe huchaguliwa kwa mbavu, lakini chombo cha nyumbani huchaguliwa kwa kazi iliyokiita. Bunduki ya misumari sitaishika tena. Na nguo yenye maandishi sitaivaa mpaka nisomewe kwanza, kwa sauti, na mtu asiyekuja kuposa.