Maziwa Yalipokataa Kuganda Kule Karen

Mimi shule niliionja tu, nikatolewa kulea ndugu zangu. Kwa hivyo mkiona nimepotea njia katikati ya maneno, ningojeeni, nitarudi. Ninachotaka kusema ni jinsi mume wangu alivyopoteza kazi kwa sababu ya kitu ambacho jicho la mtu haliwezi kukiona.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Memsahib mmoja, Mzungu mjane kule Karen, alikuwa na ng'ombe, na nyumba ndogo ya mawe ya kutengenezea jibini ya kuuza kwa mahoteli ya mjini. Karen ya siku zile ilikuwa baridi na miti, na mbwa waliokula nyama kutushinda. Kuna mmoja alikuwa na blanketi lake, zito kuliko letu. Lakini mbwa tuwaache. Mimi niliosha mikebe, na mume wangu ndiye aliyekuwa mtu wa mbegu. Tulipewa chumba nyuma ya zizi, na chumba kilienda na kazi. Kazi ikiisha, unabeba godoro.

Mbegu ilikuwa hivi. Maziwa ya jibini lazima yachachuke kwanza, na kinachoyachachusha ni bakteria. Kila jioni baba watoto alibakiza ndoo ya maji yaliyochujwa kutoka kwa jibini ya siku ile, akaifunika kitambaa, asubuhi akayamimina kwa maziwa mapya. Kwao magharibi mama yake alifanya vilevile na kibuyu, hakukiosha mpaka harufu ikaisha, alibakiza maziwa kidogo ya jana. Ile ndoo hakuruhusu mtu aishike. Hata mimi mke wake, nilipoikaribia aliniangalia kama mwizi.

Basi mwezi mmoja wa mvua maziwa yakakataa. Asubuhi aliweka mbegu, mchana yakawa bado matamu, na kile kilichoganda kilikuwa laini kama uji wa mgonjwa. Jibini ikatoka na maji ndani, mpishi wa hoteli akairudisha na gari lilelile lililoipeleka. Nyapara wetu, mtu wa mdomo, akapata chakula chake. "Fundi," alimwita mbele ya wakamuaji, "umelala wapi jana, mbona maziwa yanakukasirikia?" Wakacheka. Baada ya siku chache hawakucheka tena. Walianza kusema mkono wake umeharibika, kuna mtu kwao amemfanyia kitu, na mmoja wao alikataa kumpa mkono alipomsalimu.

Naye alifanya nini? Aliongeza mbegu. Aliona mbegu imekuwa dhaifu, kwa hivyo palipokuwa na ndoo moja alimimina mbili. Usingizi ulimtoka. Alijikalia kitandani akinusa vidole vyake.

Memsahib akaita daktari wa maabara, kutoka upande wa Kabete. Kijana Mwafrika, amesoma ng'ambo, viatu vyake alivivua mlangoni bila kuambiwa, nikampenda kwa hilo. Alichukua maji ya ndoo kwa chupa, akarudi wiki iliyofuata, akatusimamisha sote mle ndani akatueleza kwa Kiswahili, kisha akamweleza memsahib kwa Kiingereza.

Alisema hata bakteria huugua. Kuna virusi vinavyokula bakteria tu, mtu havimgusi. Kirusi hujibandika juu ya bakteria kama kupe, lakini hakiingii chenyewe, kinasukuma ndani uzi tu. Uzi huo yeye aliuita DNA, na ndio wenye maagizo yote ya kutengeneza kirusi kingine. Akachomoa uzi kutoka kwa kitambaa chetu cha kuchujia, akauunganisha ncha ukawa pete. Ukishaingia unajifunga hivi, alisema. Bakteria ana mitambo yake ya kunakili uzi wake mwenyewe anapotaka kugawanyika kuwa wawili, basi inashikwa mitambo hiyohiyo, inanakili uzi wa mgeni. Kwanza pete inazaa pete. Halafu pete inazunguka, na uzi mpya unatoka mrefu, unatoka tu, kama uzi wa cherehani unavyofunguka kwenye kibiringo chake. Unakatwa kwa kipimo, kila kipande kinashindiliwa ndani ya kichwa cha kirusi kipya. Bakteria anapasuka, virusi vinatoka vingi, kila kimoja kinatafuta bakteria wa kujibandika juu yake.

Nilishika tumbo. Nilikuwa na mimba ya mtoto wa tatu, na hayo maneno ya mgeni kukaa ndani na kutumia vyombo vya mwenyewe sikuyapenda.

Nyapara aliuliza kwa upole, upole wake ule mbaya. "Daktari, na hicho kirusi kililetwa na nani?"

"Hakuna mtu aliyekileta. Kinakaa kwa maziwa, kwa vumbi, kwa maji ya mtaro. Kingeweza kuja na mkebe wowote."

"Sawa. Na cha jana kinafikaje kwa maziwa ya leo?"

Daktari hakuwa mwongo. Akasema kinapita kwa ndoo ya mbegu. Sote tukageuka.

"Ndoo ni yangu," mume wangu akasema.

Wakamuaji wakatazamana. Kitu kisichoonekana, kinaingia, kinazaana, na kinapitia mkono wa huyu. Si ndilo walilokuwa wakisema? Daktari alijaribu, Mungu amrehemu popote alipo. Alimwambia memsahib mara mbili kwamba mtu hana kosa, amwage kila kitu, achemshe vyombo, alete mbegu ya aina nyingine na asibakize tena ya jana. Memsahib aliitikia kwa kichwa. Jumamosi alituita akasema anaanza na kila kitu kipya. Hata mtu wa mbegu.

Tulihamia Waithaka, chumba cha mabati. Mume wangu alipata vibarua vya mjengo Parklands, na mikono yake ikawa ya saruji. Nyumbani niliendelea kugandisha maziwa kwa kibuyu, kwa sababu watoto waliyapenda. Yeye hakugusa. Alisimama mlangoni akinitazama nikimimina, na asubuhi aliniomba nikifungue kibuyu mbele yake.

Yaliganda. Miaka yote ile yaliganda vizuri, na kila asubuhi aliniuliza kama ni mimi niliyeweka mbegu. Nilimwambia jaribu wewe leo, baba watoto. Alisema labda kesho.