Wino kwenye Kidole cha Bi Salma

Nikilikumbuka hili hadi leo najifunika uso kwa mtandio, hata nikiwa peke yangu chumbani, na mkinicheka chekeni tu, nshazoea.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimerudi Unguja likizo, nasomea uchunguzi wa jinai chuo kikuu huko ng'ambo (mama aliwaambia majirani nasomea udaktari, kusema mwanawe anasomea wezi aliona haya). Dada yangu Zuwena anaolewa. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe inanukia asumini na udi, jua la alasiri linapita kwenye vioo vya rangi juu ya madirisha na kuwapaka wanawake wekundu na kijani, na mimi nikawa naelea tu katikati ya harufu hizo, simo wala sitoki. Kuota mchana ndio ugonjwa wangu tangu utotoni.

Basi mama akafungua kabati la vioo atoe mrashi wa fedha wa marehemu bibi, ambao hakuna bibi harusi wa kwetu aliyetoka bila kurashiwa marashi kwa huo. Haupo! Mama akaanza kulia, na Zuwena naye, wanja ukamtiririka. Mtu mwenye akili zake angeuliza, "Jamani, nani kauona?" Mimi nikaona siku yangu imefika. Nikachukua poda na brashi ya kujipambia, nikapitisha taratibu juu ya kioo cha kabati, na kweli, ikatokea alama moja safi ya kidole gumba. Nikatoa kidau changu cha wino wa chuoni, nikaketi mkekani, nikaanza kuomba vidole.

Sasa siku yenyewe ni ya hina, wanawake wakadhani nawapaka piko, ile rangi nyeusi ya maua ya mikononi, kwa mtindo wa ng'ambo. Wakajipanga! Mashangazi, majirani, hadi Bi Salma, mama mzazi wa bwana harusi, aliyekuja na ndugu zake kumtazama mkwe wao, akaninyooshea mkono wenye bangili tele.

"Nipake vizuri, mwanangu, nami nipendeze."

Nikaligandamiza gumba lake kwenye karatasi kwa adabu zote. Akaitazama.

"Ua gani hili?"

"Si ua, Bi Salma," nikajibu, na sauti yenyewe ya mtu anayejiona yuko mahakamani. "Namtafuta aliyeiba mrashi."

Bi Salma akanyanyuka.

"Nimekuja kuchukua mke, nimefanywa mwizi? Haya, vaeni mabuibui, hapana harusi hapa."

Zuwena akanitazama, na macho yale yaliniuma kuliko matusi. Mlangoni Bi Salma akageuka.

"Na kidole chako weye kiko wapi?"

Nikakigandamiza ili kumridhisha tu. Katikati ya alama ukapita mstari wa kovu, pale mbuzi ya kukunia nazi iliponikata utotoni. Nikatazama kioo cha kabati. Mstari uleule! Ndipo ikanirudia polepole: asubuhi nilipanda juu kabisa darini na mrashi mkononi, nikakaa penye upepo, najirashia, nawaza natoa ushahidi mbele ya hakimu na watu wote kimya wananisikiliza, kisha nikateremka mikono mitupu.

Nikapanda ngazi mbio. Uko palepale juu ya ukuta nilipokaa, unametameta. Nikashuka nao, nikapiga magoti mbele ya Bi Salma, nikamnyooshea. Akauchukua, akanimwagia marashi yote kichwani mpaka tone la mwisho.

"Mwizi kapatikana," akasema, na kicheko kikamtoka, mama akapiga kigelegele huku machozi yanamshuka, na mabuibui yakavuliwa.

Wino ule haukutoka kwa sabuni wala ndimu. Kwenye picha za harusi mashangazi wote wana gumba jeusi, na Bi Salma amemkumbatia dada, kidole chake kinaonekana waziwazi. Mpiga picha alimwomba akifiche.

"Kiache," akamwambia, "nimepakwa na mtoto wa nyumba hii."

Shahada nilimaliza, na kazi ndiyo hiyo nnayoifanya hadi leo. Lakini kitu kikipotea nyumbani kwangu, wallahi, simwombi mtu kidole: kwanza napanda darini.