Uji wa Mdogo Wangu

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu kliniki hapa mjini Machakos, homa ya kawaida tu, na nesi akaniuliza swali ambalo manesi huuliza kila siku bila hata kuinua macho: mtoto anakula nini? Rafiki yangu, nilishindwa kujibu. Mtu mzima mimi, nilisimama pale na kadi mkononi mpaka nesi akadhani sijasikia.

Swali hilo nililisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mmoja, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga. Tuliishi upande wa Kivaa: mama, nyanya, mimi na mdogo wangu wa miaka sita. Baba alikuwa kiwandani Athi River na alikuja mwisho wa mwezi, akikumbuka. Nyanya, ambaye sote tulimwita Susu, ndiye aliyekuwa hospitali yetu. Majirani walimletea watoto wao kabla hawajafikiria kwenda kwa daktari. Alimgusa mtoto paji la uso kwa mgongo wa mkono, akamfunua kope, akamwambia atoe ulimi, kisha akatoa hukumu: huyu ni malaria, huyu ni minyoo, huyu hana kitu, hataki shule. Mara nyingi alipatia, hasa hiyo ya tatu.

Njaa ilikuwa imetupiga misimu miwili. Mvua ilipokuja na mahindi yakaanza kukomaa, wezi wakawa wanavuna mashamba ya watu kabla ya wenyewe. Basi tuliyavuna mapema, yakiwa bado na maji, na badala ya kuyapeleka ghalani tuliyarundika chumba cha kulala, tulale nayo. Chumba kikawa na joto na harufu ya nguo mbichi. Mvua ikarudi, jua likakosekana, na mahindi mengine yakaota ukungu wa kijani. Hatukuyatupa. Nani hutupa mahindi baada ya njaa? Tuliyaosha, tukayatwanga kinuni mpaka maganda yakatoka, yakawa meupe ya kupendeza. Hiyo ndiyo muthokoi, na kwetu nyumba isiyopika muthokoi haijapika. Jioni vinu vilisikika kutoka boma hadi boma, na kila mtu alijua leo ni nani atakayelala ameshiba. Mahindi mengine yalipelekwa kusagwa, yakawa unga wa uji.

Mbwa wetu ndiye aliyetangulia kufa. Tulisema ameumwa na nyoka. Wiki iliyofuata mdogo wangu akaanza kutapika na kujishika tumbo. Susu akafanya kazi yake, paji, kope, ulimi, akasema ni malaria. Mama akanunua vidonge dukani, Susu akachemsha mwarobaini, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, kazi ya kumlisha nikapewa mimi.

Siku zile, nyumba ikiwa na mgonjwa, kilicho bora ni chake. Sisi wazima tulikula mara moja kwa siku ili akiba ifike mbali. Yeye alipata uji asubuhi, mchana na jioni, uji mzito, na sukari ikipatikana ilikuwa yake peke yake. Nilimwonea wivu, sitaficha. Naye alikuwa akigeuza uso.

"Susu, hii uji iko na uchungu," alisema.

"Si uji, ni mdomo yako. Malaria iko hivyo. Ukipona utasikia tamu."

Susu hakukosea kwa ujinga. Aliyewahi kuugua malaria anajua kwamba hata maji huwa machungu. Tena wahenga walishasema mgonjwa haulizwi uji, anapewa tu. Mdogo wangu alisema hivyo tena siku ya pili, akasema siku ya nne, na mimi nikamwambia anaringa.

Siku ya sita macho yake yalikuwa ya manjano, mkojo wake mweusi kama chai isiyo na maziwa, miguu imevimba. Susu akampima tena, paji, kope, ulimi. Sikuwahi kumwona akikosa jina la ugonjwa, lakini jioni ile alilikosa, na mimi nikaogopa. Mama alikimbia sokoni kumtafuta mwenye pikapu wa kutupeleka hospitali alfajiri. Susu akachukua kikombe cha mgonjwa, akaonja uji mwenyewe, akakunja uso.

"Wachana na hii uji kwanza," aliniambia. "Usimpe tena. Wacha nitafute maziwa kwa jirani."

Nilibaki na kikombe kimejaa. Nilidhani Susu amemhurumia tu kwa sababu ni kitindamimba, na mimi tumbo langu lilikuwa linanguruma, na kuona uji unamwagwa niliona ni dhambi. Nikamziba pua. Alipofungua mdomo ili apumue, nikamimina. Nilifanya hivyo mpaka kikombe kikaisha. Hakulia, nguvu za kulia hakuwa nazo. Susu aliporudi na maziwa, nilimwambia uji nimewamwagia kuku.

Hospitalini nilikuwa nimebeba kikapu cha nguo, nyuma ya mama, nesi alipouliza lile swali. Mama alijibu kwa fahari ya mtu aliyevuka njaa.

"Anakula vizuri, sista. Uji mara tatu kwa siku. Na mahindi ni yetu, hatujanunua ya mtu."

Nesi akaweka kalamu chini, akaenda kuwaita wenzake. Wodi ile ilikuwa na watoto wengine wenye macho kama yale, wote wametoka maboma yaliyolala na mahindi yao. Mdogo wangu alikufa siku ya tatu, asubuhi, mama akimpangusa midomo kwa kitambaa.

Baadaye watu wa serikali walikuja na lori wakabeba mahindi yetu yote, na mama akawasaidia kufunga magunia. Susu hakugusa tena kope ya mtoto wa mtu, wala majirani hawakumletea. Vinu vilinyamaza. Siku hizi huko kwetu watu wengi hununua unga wa pakiti, na wanangu hawaijui sauti ya mchi wa jioni.

Susu aliishi miaka minane zaidi. Kanisani, kila mara watu walipoombwa kutoa ushuhuda, alisimama akasema yeye ndiye aliyemwua mjukuu wake kwa uji. Walimjibu kwa upole kwamba hakujua. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake, nimemshikia Biblia, na nilijua kwamba mwishoni yeye alimwamini mtoto, akaniambia niache.

Nimewauliza madaktari tangu wakati huo. Wanasema sumu ya ule ukungu ilikuwa imekula ini lake wiki nyingi, kikombe kimoja hakingebadilisha kitu. Nawaamini. Lakini Susu hakuhitaji daktari, alihitaji mtu mmoja wa kubeba naye lawama ile. Nilikuwa na miaka minane ya kumwambia, na kila alipoketi baada ya ushuhuda wake nilimrudishia Biblia yake tu. Tulimzika akiamini alikuwa peke yake.