Kumlinda Mtu Usiyeruhusiwa Kumwona

Kwa karibu miaka ishirini nimemjua baba mkwe wangu kwa kikohozi chake. Akitoka nyumba kubwa kwenda migombani hukohoa mara moja, kikohozi kikavu, kama mtu anayepiga hodi kwa koo. Mimi nikiwa njiani naingia kwenye migomba, nageuza mgongo, navuta kanga kichwani na kungoja mabuti yake yapite. Uso wake naujua kwa picha ya harusi yetu, na hata humo anatazama pembeni.

Ndiyo desturi yetu Wanyakyusa, na wazee wa Lupepo bado wanaishika. Mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawasemeshani. Wakiwa na jambo hulipitisha kwa mtu wa tatu. Ni heshima, na heshima hiyo ina pande mbili. Mgeni huona upande wa mwanamke tu, anayeruka mtaro kama swala. Hamwoni mzee naye, fimbo mkononi, akiruka mtaro wa upande wa pili.

Nilipokuwa chuo kikuu niliandika insha kali ya kuipinga desturi hii, nikapata alama nzuri sana. Kisha nikaolewa Lupepo, nikaanza kuruka mitaro.

Masika ya mwaka huu nilipanda kijijini na kompyuta yangu ili niandike kwa utulivu. Mume wangu alikuwa Dodoma kikazi. Mama mkwe alikwishafariki, na nyumba kubwa ilitunzwa na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mjane anayekaa jirani. Mimi nilikaa nyumba ndogo ya nyuma, ambayo mlango wake mume wangu aliuelekeza bondeni ili mimi na baba yake tusigongane macho asubuhi. Mhariri wa gazeti ninaloliandikia makala alitaka kitu chepesi juu ya neno moja la kawaida la Kiingereza na safari zake. Nikachagua *ward*.

Nilijiona nimechagua kwa akili. Lupepo ni kata, na kata kwa Kiingereza cha ofisini ni *ward*. Hospitali ina wodi, neno lilelile lililovaa nguo zetu. Mtoto aliyewekwa na mahakama chini ya mlezi naye ni *ward*. Hata vile vijino vya ndani ya kufuli vinavyoukatalia ufunguo usio wake vinaitwa hivyo. Mzizi wa yote ni mmoja: kutazama, kukaa macho kwa ajili ya kitu. Waingereza wa kale walilitumia kwa mlinzi na ulinzi. Wafaransa walilipata kwa majirani zao Wajerumani, wakaliwekea *g* mbele, likavuka bahari kwenda Uingereza mara ya pili likiwa *guard*. Sisi tukapokea yote mawili. Niliandika kwamba ni ndugu wawili waliopoteana utotoni na kukutana tena kwenye hospitali ya Kiswahili: gadi yuko getini, wodi iko ndani. Niliipenda sana sentensi hiyo. Nilikuwa naisoma kwa sauti, nikijisikiliza, wifi alipogonga mlango usiku wa manane.

"Baba anatapika," alisema. "Na lile jambo lake limekuwa gumu kama jiwe."

Lile jambo ni ngiri. Alikuwa ameificha chini ya koti kwa miaka, na kila mtu alijua, na hakuna aliyeitaja. Sasa ilikuwa imebana, na mzee alikuwa amejikunja sakafuni hawezi hata kukohoa.

Jirani alileta pikapu. Mvua ilikuwa inanyesha ile mvua ya kwetu isiyo na haraka. Mzee angekaa mbele na dereva na wifi, mimi nyuma chini ya turubai. Lakini hakutoka. Alisimama kizingitini, ameshika mwimo kwa mikono miwili, akatuma wifi aulize kama mke wa mwanawe amekwisha kupanda. Nilikuwa bado natafuta viatu. Mtu ambaye utumbo wake ulikuwa unakufa alinisubiri nipande, nijifunike, nigeuke, ndipo akatoka. Nilikwenda hadi hospitali nikitazama barabara tuliyoiacha.

Daktari wa hospitali ya misheni hakupoteza muda. Kulipopambazuka vizuri mzee alikuwa amekwisha kupasuliwa na kulazwa wodi ya wanaume. Daktari alitueleza mimi na wifi barazani. Kipande cha utumbo kilikuwa kimeharibika, wamekikata na kuunganisha. Mshono ni mbichi. Amepoteza damu, ataongezewa. Hatari kubwa ya saa zile ilikuwa moja: mzee akizinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi huweza kuchanganyikiwa, akang'oa dripu, akashuka kitandani. Akishuka, mshono unaweza kufumuka, na kwa umri wake hangeweza kupasuliwa mara ya pili. Kwa hiyo mtu akae naye, amshike mkono, atazame kifua na midomo, aite akiona mabadiliko.

Wifi akaingia, akaketi. Mimi nikabaki barazani, mgongo ukutani chini ya dirisha, nikisikiliza pumzi yake kupitia vioo. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima Rungwe wote. Nilijiambia kwamba na hii nayo ni kulinda.

Kisha watu wa maabara wakamwita wifi. Damu yangu ilikuwa imepimwa ikakataa, yake ikakubali, na ilitakiwa mapema.

"Ingia wewe," alisema akinipita mlangoni. Halafu akakumbuka. Nilimwona anakumbuka. Alisimama katikati ya baraza, mkono mmoja wa shati umekunjwa tayari kwa sindano, akatazama wodi, akanitazama mimi. Jirani alikuwa amerudi kijijini kuchukua ndugu wengine. Mume wangu alikuwa ndani ya basi mahali fulani kati ya Dodoma na Iringa, simu haipatikani. Wifi akaenda, kwa sababu bila damu tusingekuwa na mtu wa kumlinda.

Muuguzi wa zamu alikuwa binti wa umri wa mdogo wangu, mgeni wa mkoa wetu, na kitanda cha mwisho cha wodi kilikuwa na kijana wa ajali aliyekuwa anaugua kwa sauti. Alitoka mlangoni na glovu mkononi.

"Mama, wewe ni nani kwa yule mzee?"

Nikamwambia ni mke wa mwanawe.

"Basi kaa naye."

Nikaanza kueleza. Nilieleza kama ninavyofundisha darasani, na utangulizi na vipengele, hadi nikajishtukia. Yeye alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Mama, mimi ni wa Singida. Na kwetu miiko ipo," alisema. "Lakini yule baba akishuka, mwiko utabaki na sisi wawili hapa."

"Sijihofii mimi," nikasema. "Akiniona atashuka."

"Atashuka aende wapi?"

"Kunipisha."

Hapo ndipo aliponitazama sawasawa. Aliyarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayepima dawa, na nikaona ameelewa: mtu ambaye ningeingia kumzuia asiinuke angeinuka kwa sababu nimeingia. Na nisipoingia, angeinuka vilevile, peke yake, bila mkono wa kumshika.

Kijana wa ajali akaita. Muuguzi akavuta lile pazia la fremu na magurudumu linalotumika mgonjwa anapooshwa, akaliweka kando ya kitanda cha mzee, kati ya kichwa chake na kigoda. "Ingia unavyojua," akasema, akaenda.

Niliingia kinyumenyume. Nilijifunika kanga hadi kwenye nyusi, nikapapasa kigoda kwa kisigino, nikakaa nimempa mgongo. Kichwa changu, ambacho hakijawahi kuwa na adabu wakati wa shida, kikanikumbusha kwamba katika makala nilikuwa nimesahau *ward* nyingine, ile inayokaa mkiani mwa maneno ya Kiingereza ya kwenda mbele na kurudi nyuma, *forward* na *backward*. Hiyo si ndugu wa hizi. Inatoka kwenye mzizi mwingine kabisa, wa kugeuka. Nami nilikuwa pale, kazi yangu kutazama, mwili wangu umegeuka.

Nilipitisha mkono nyuma, chini ya pazia, nikatafuta kifundo cha mkono wake. Ngozi ilikuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, mfupa chini yake mgumu. Sikuwahi kumgusa. Mapigo yalikuwa ya haraka na madogo.

Mkono ulikuwa unalinda. Macho je? Daktari alisema kifua na midomo, na mimi nilikuwa natazama ukuta wa rangi ya maji ya bahari ulioandikwa kwamba ni marufuku kutema mate.

"Dada," sauti ikasema kutoka kitanda cha pili. "Umekuja kumuuguza huyu mzee au umenuniana naye?"

Alikuwa mwanamume wa makamo, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, mguu umefungwa plasta na kuning'inizwa. Kwa lafudhi nilijua ametokea milima ya Makete. Nilimwambia kwa kifupi, safari hii bila vipengele.

"Ninyi Wanyakyusa mna kazi," akasema. Kisha akajisogeza kwa kiwiko, mguu ukimuuma, nikamsikia anavyovuta hewa kwa meno. "Haya. Mimi si mkwe wake. Niulize."

Nikamuuliza kifua. Kinapanda, akasema, kinashuka, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Midomo? Myeupe kidogo, ila si ya buluu. Dripu? Inadondoka. Tuliendelea hivyo, mimi mkono, yeye macho. Nilipokaa kimya muda mrefu aliniambia bila kuulizwa. Alisema mzee ana masikio makubwa kama ya mume wangu bila shaka, nikasema ndiyo, akasema basi sikuwa na haja ya kuona, ningekadiria.

Nilikuwa karibu kutabasamu nilipouhisi mkono ukikaza.

"Amefumbua macho," akasema yule wa Makete. Sauti yake ilikuwa imeacha utani. "Anatazama dari. Anatazama pazia. Dada, ameuona mkono wako."

Kifundo kilijipindua ndani ya vidole vyangu. Kilikuwa na nguvu ambayo mtu mgonjwa vile hakupaswa kuwa nayo. Kitanda kikalia.

"Anainuka. Kiwiko amekiweka. Ameshusha mguu mmoja. Mwite muuguzi, mimi sifiki."

Muuguzi alikuwa mwisho wa wodi, mikono yake ndani ya kidonda cha mtu. Ningeweza kugeuka na kumkandamiza begani kwa nguvu zangu zote, naye angenipigania kwa zake zote, kwa heshima, hadi afumuke. Ningeweza kuachia mkono na kukimbia, naye angeshuka kunirudishia heshima, akimbilie upande wa pili. Sikugeuka. Nilifanya kosa dogo kuliko hayo. Nilisema naye.

"Tata," nikasema kwa ukuta. Ndivyo tunavyoita baba. "Usinipishe. Mimi ndiye wa kupisha, na sijaambiwa niondoke. Lala."

Nilikuwa nimemsemesha baba mkwe mbele ya wanaume, tena kwa amri. Mkono wake ukabaki angani ndani ya mkono wangu, hauendi huku wala kule. Nilihesabu pumzi zangu badala ya zake.

Kisha kitanda kikalia tena, polepole.

"Amerudisha mguu," akanong'ona yule wa Makete. "Amelala. Sasa anavuta shuka... Dada, amejifunika gubigubi. Uso wote. Midomo siioni tena."

Nilielewa kabla hajamaliza. Mzee hakuwa na migomba ya kuingia, akajitengenezea. Nikageuka. Nikalisogeza pazia. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimtazama baba mkwe wangu, naye alikuwa shuka nyeupe iliyopanda katikati na kushuka, iliyopanda na kushuka, na mahali pa mdomo kitambaa kilikuwa kinaingia ndani kidogo na kutoka. Sikuhitaji tena macho ya mtu. Nilimtazama hivyo, waziwazi, nikiwa nimeushika mkono wake kwa mikono yangu miwili.

Muuguzi alipofika aliona mgonjwa wake aliyefunikwa uso na mwanamke aliyeinama juu yake. Alisimama ghafla, akashika chuma cha kitanda, rangi ikamtoka.

Chini ya shuka kikatoka kikohozi. Kidogo, kikavu, cha kupiga hodi.

"Bwana wa kitanda hicho," sauti ikasema, ikimlenga yule wa Makete, "mwambie mke wa mwanangu asiachie."

"Mzee anasema usiachie," yule wa Makete akanifikishia, kwa uzito wote wa mjumbe.

"Mwambie siachii," nikasema.

Muuguzi akapima presha ya mkono uliokuwa nje. Midomo akaiangalia kwa kuinua pembe ya shuka upande wake, mimi nikiwa nimegeuka, kisha akaishusha.

Wifi alirudi na pamba kwenye mkunjo wa mkono, akitembea taratibu, na nyuma yake mtu wa maabara na damu. Nilisubiri hadi ilipoanza kushuka kwenye mpira. Ndipo nikampa wifi ule mkono, nikatoka nilivyoingia, kinyumenyume. Niliketi tena chini ya dirisha.

Ndani nilimsikia mzee akiondoa shuka usoni, akivuta hewa ya kutosha.

"Ametoka?" akamuuliza binti yake.

"Ametoka, baba."

Kijana wa ajali alikuwa amelala.

"Mwambie mikono yake ni ya baridi sana," mzee akasema. "Hii ni Rungwe. Avae sweta."